Mimi sijabatizwa, mwenzangu alibatizwa AIC: tuanzie wapi kuingia Ukatoliki?

Swali:

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 33, ninaishi Mwanza ila kwetu ni Shinyanga vijijini. Nyumbani hakuna aliyekuwa mtu wa kanisani wala msikitini. Babu alikuwa mtu wa matambiko, baba hakujishughulisha na lolote. Mwenzangu alibatizwa AIC (Africa Inland Church, kanisa la Kiprotestanti) akiwa na miaka 17. Huu ni mwaka wa saba tunaishi pamoja, tuna watoto wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 4, na hatujafunga ndoa. Kabla yangu aliwahi kuishi na mwanamke mwingine, ng'ombe walitolewa, wakaachana. Tumekuwa tukisali parokia iliyo karibu na tumekubaliana tuwe Wakatoliki. Jirani mmoja anasema tutabatizwa wote upya. Mwingine anasema lazima tulipe kwanza zaka ya mwaka mzima. Mwingine anasema kwa kuwa tunataka ndoa Desemba tutapewa mafundisho ya haraka haraka. Je, nitalazimika kubadili jina langu la Kisukuma? Na nikifa kabla sijabatizwa? Tuanzie wapi?

Jibu:

Marahaba, dada. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikasimama kwenye maneno uliyoyapita mbio: "ng'ombe walitolewa, wakaachana." Nitayajibu yote uliyouliza. Ila ujue mapema kwamba watu wazima ninaowafundisha hawacheleweshwi na Nasadiki, ile sala ya kukiri imani; Nasadiki mtu anaikariri ndani ya daladala kutoka Buhongwa hadi mjini. Wanacheleweshwa na mambo ya ndoa, hasa yale yaliyofichwa mpaka Kwaresima imeingia, paroko amefungua daftari aandike majina, ndipo mtu anakohoa na kusema, "Padre, kuna jambo." Hilo la ng'ombe nitalirudia kwa urefu. Kwanza tuitazame njia yenyewe, maana nyinyi wawili hampiti njia moja.

Nianze na mwenzako, lake ni fupi. Jirani aliyesema mtabatizwa wote upya amekosea. Ubatizo ukitolewa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na anayebatiza akakusudia kufanya lile linalofanywa na Kanisa, umetolewa na haurudiwi, hata kama aliyebatiza ni mchungaji wa AIC na maji yenyewe yalikuwa ya mtoni. Ni hivyo hivyo kwa Walutheri, Waanglikana, Wamoravian na Wasabato. Tofauti ni kwa wale walioachana na Utatu Mtakatifu: Mashahidi wa Yehova, vikundi vinavyobatiza "kwa jina la Yesu" basi, na Wamormoni, ambao maneno ya Utatu wanayatamka lakini wanachokisadiki juu yake ni kingine, Roma ilitoa jibu juu yao mwaka 2001. Hao wakija kwetu hubatizwa.

Mwenzako anachotakiwa kuleta ni ushahidi. Arudi kule alikobatizwa, aombe cheti. Najua vyeti hupotea na daftari za makanisa ya vijijini huliwa na mchwa, kwa hiyo asikate tamaa: kanuni ya 876 ya Sheria ya Kanisa inaridhika na shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, au hata kiapo cha mhusika mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima. Miaka 17 ni mtu mzima kwa jambo hili.

Parokia nyingi zitamketisha darasa moja na wewe kwa sababu makatekista ni wachache. Kusikiliza pamoja si vibaya. Lakini katika ibada asichanganywe na wakatekumeni, yaani wasiobatizwa wanaojiandaa kwa ubatizo, na ikitokea anaitwa apakwe mafuta yao, aseme kwa heshima kwamba yeye ni mbatizwa. Kitabu cha ibada chenyewe kinataka tofauti hiyo ionekane. Afundishwe yale ambayo AIC hawakumfundisha: Ekaristi, Kitubio, nafasi ya Bikira Maria, toharani, Papa na maaskofu. Kwa upande wa Biblia, mara nyingi mtu wa AIC humshinda katekista wake, na mimi huwapa nafasi ya kusoma masomo darasani ili wengine wasikie jinsi Maandiko yanavyosomwa na mtu aliyeyazoea. Akiwa tayari, anaungama kwanza. Kisha mbele ya waamini anakiri Nasadiki na kutamka kwamba anasadiki yote ambayo Kanisa Katoliki linayasadiki na kuyafundisha kuwa yamefunuliwa na Mungu, padre anampokea, anampa Kipaimara, na katika Misa hiyo hiyo anapokea Komunyo. Si lazima asubiri Pasaka. Jumapili yoyote inafaa.

Sasa wewe, mwenye safari ndefu. Kanuni ya 865 inataka mambo matatu kwa mtu mzima anayeomba ubatizo: awe ameonyesha nia yake mwenyewe, awe amefundishwa vya kutosha, na awe amejaribiwa katika maisha ya Kikristo. Lile la tatu ndilo linalovunja habari ya "mafundisho ya haraka". Mtu mwenye kichwa chepesi naweza kumfundisha katekisimu ndani ya miezi mitatu. Siwezi kuona ndani ya miezi mitatu atafanya nini akifiwa, akigombana na mama mkwe, akialikwa kwa mganga, akikosa pesa ya ada huku kuna njia ya mkato. Wazee wetu walikuwa wakali zaidi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, wale mapadre wa kanzu nyeupe walioanzisha misheni ya Bukumbi hapo kusini mwa ziwa, aliagiza mtu asibatizwe kabla ya miaka minne ya maandalizi. Baadaye muda ukapungua sana na sehemu nyingi kazi ikawa ya kukariri maswali na majibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ukaagiza ukatekumeni wa hatua kwa hatua urudishwe kama ulivyokuwa katika Kanisa la mwanzo, na kitabu cha ibada zake kikatoka Roma mwaka 1972. Hicho ndicho kinachoongoza hatua zako.

Hatua ya kwanza mmeshaianza bila kujua: kuja, kukaa benchi la nyuma, kuuliza. Katika kipindi hiki hudaiwi chochote. Mtaelekezwa pia mjiunge na jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wenu, ile inayosali nyumba kwa nyumba kila wiki. Msiikwepe. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kwa umoja wao wa AMECEA, walizifanya jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na katika parokia zetu nyingi barua ya mwenyekiti wa jumuiya ndiyo itakayomwambia paroko kwamba mnajulikana. Wapo wanaoiona kama barua ya balozi wa nyumba kumi, karatasi tu ya kupigwa muhuri. Lakini siku ukiugua, watu watakaokuja na uji ni hao.

Kisha kuna ibada ya kukupokea rasmi kuwa mkatekumeni. Unasimama mlangoni mwa kanisa, unaulizwa unaomba nini, nawe unajibu kwa kinywa chako. Unatiwa alama ya msalaba kwenye paji la uso, na inaweza kuendelea masikioni, machoni, midomoni, kifuani na mabegani. Ndipo unaingizwa ndani kusikiliza Neno. Wengi huiona kama sherehe ndogo, kumbe kisheria ni kubwa: tangu siku hiyo Kanisa linakuhesabu kuwa wa nyumbani mwake. Unaweza kupewa baraka zake, na ukifariki unazikwa Kikatoliki.

Hapo nimeshagusa hofu yako, basi niimalize. Mkatekumeni akiwa katika hatari ya kufa anabatizwa mara moja, na padre asipopatikana, mtu yeyote anaweza kumbatiza akiwa na nia sahihi: maji yamiminwe kichwani pamoja na maneno "Nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu." Na akifa ghafla kabla hajafikiwa na maji, ile shauku yake ya kubatizwa, pamoja na toba na upendo, Kanisa linafundisha kwamba inampatia wokovu ambao hakuweza kuupata kwa sakramenti. Tunauita ubatizo wa tamaa. Kijana Kizito wa Uganda alikuwa mkatekumeni tu mpaka tarehe 26 Mei 1886, alipobatizwa na Karoli Lwanga kule Munyonyo usiku huku hukumu ya Kabaka ikiwa imekwisha kutolewa au karibu kutolewa. Tarehe 3 Juni alichomwa moto Namugongo. Karoli hakuwa padre. Leo wote wawili ni watakatifu na tunawakumbuka kila mwaka tarehe hiyo. Kwa hiyo lala usingizi.

Mafundisho yenyewe huchukua muda gani? Inategemea utaratibu wa jimbo na parokia. Nyingi ninazozijua hutumia mwaka mmoja hadi miwili, na mimi ninaona mwaka mmoja kamili wa liturujia ni wa chini kabisa: upite Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka na zile Jumapili ndefu za kawaida ukiwa macho. Utafundishwa Nasadiki kipengele kwa kipengele, sakramenti saba, amri kumi za Mungu, amri za Kanisa, sala, na namna ya kushiriki Misa. Darasa letu hukutana Jumamosi jioni kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Yumo kijana wa bodaboda anayeingia amechelewa na helmeti mkononi, wamo wafanyakazi wa viwanda vya samaki, na yumo mama muuza dagaa asiyejua kusoma. Huyo mama Nasadiki ameipanga kwenye vidole: kidole gumba ni Baba Mwenyezi, cha shahada ni Yesu mpaka Ponsyo Pilato, cha kati ni kufufuka na kupaa, cha pete ni Roho Mtakatifu, kidogo ni Kanisa hadi uzima wa milele. Akisimama kusali anafumba macho na vidole vinahesabu vyenyewe. Wenye simu janja wanaosoma kwenye kioo hawajamfikia.

Nasema hivyo kwa sababu kuna wenzangu siku hizi wanaodharau kukariri. Mimi sidharau. Sala usiyokuwa nayo kichwani hutaiona usiku wa msiba. Ninachokipinga ni mtihani wa ubatizo unaomrudisha mtu mzima nyumbani analia kwa sababu amechanganya utaratibu wa vipaji vya Roho Mtakatifu, wakati hakuna aliyemuuliza kama ameacha kumpiga mkewe.

Kwako wewe, uliyetoka kwenye nyumba ya matambiko, jiandae kuulizwa juu ya ramli, hirizi na waganga. Katika ubatizo utamkataa Shetani na mambo yake yote kwa sauti, mbele za watu, kwa hiyo ni haki uulizwe mapema. Dawa za mizizi na majani zinazotibu mwili hazina ugomvi na imani. Kupiga bao kujua nani kakuroga, chale za kinga, hirizi ya biashara, kumtumia mtu jini: hivyo vinaachwa, na Katekisimu inavitaja waziwazi kuwa dhambi dhidi ya amri ya kwanza. Kuhusu babu yako, hakuna atakayekutaka umdharau. Utamwombea katika Misa, utasafisha kaburi lake, utasimulia habari zake kwa wanao. Lakini kikao cha ukoo kikiitishwa cha kumwagia mizimu pombe ili iondoe mkosi, hapo ndipo lile jaribio la maisha ya Kikristo linapokuwa na maana, na litakugharimu. Zungumza na katekista wako kabla ya safari ya nyumbani, usimweleze ukisharudi.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ni hatua nyingine: uteuzi. Jina lako linaandikwa katika kitabu mbele ya askofu au padre aliyemtuma, na msimamizi wako wa ubatizo anashuhudia juu yako. Kuanzia hapo hamuitwi wakatekumeni tena, mnaitwa wateule. Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano mnaombewa sala maalumu za kupimwa na kutakaswa, na Injili zake hazibadiliki hata mwaka wa masomo ya Misa, ambayo huzunguka A, B na C, ukiwa B au C: mwanamke Msamaria kisimani, kipofu tangu kuzaliwa, Lazaro. Sikiliza kwa makini ile ya kwanza. Yesu anamwambia yule mama habari za waume wake watano na wa sita anayeishi naye ambaye si mume, tena anamwambia mchana kweupe, na mama hafukuzwi. Anauacha mtungi na kukimbilia kijijini kuita watu.

Katika majuma hayo mnakabidhiwa pia Nasadiki na Baba Yetu. Jumamosi Kuu asubuhi kuna ibada fupi ambayo parokia nyingine huiruka, nami huisikitikia: padre anagusa masikio na midomo ya kila mteule akisema neno alilosema Yesu kwa yule kiziwi, "Efatha", funguka. Usiku ni Mkesha wa Pasaka. Moto nje, mshumaa mkubwa unaingia kanisani gizani, masomo marefu, litania ya watakatifu, kisha maji. Utamiminiwa mara tatu, utavikwa vazi jeupe, utawashiwa mshumaa wako kutoka mshumaa wa Pasaka. Baada yake ni Kipaimara papo hapo kwa mafuta ya krisma, na Komunyo yako ya kwanza. Kuna parokia zinazowaweka watu wazima wasubiri Kipaimara mpaka askofu aje. Ukiambiwa hivyo uliza kwa upole, kwa sababu kanuni ya 866 inataka mtu mzima apewe vyote vitatu pamoja isipokuwa kuna sababu nzito, na padre anayembatiza mtu mzima amepewa na sheria yenyewe uwezo wa kumpa Kipaimara.

Neno moja hapa, maana kila mwaka kuna anayeuliza: hutaungama kabla ya kubatizwa. Ubatizo unaondoa dhambi zote. Foleni ya kitubio ya Juma Kuu ni ya mwenzako, wewe utaanza kupanga foleni baada ya Pasaka.

Sasa ng'ombe.

Watu wengi, na hata baadhi ya wazee wa kanisa, hudhani kwamba ndoa isiyofungwa kanisani kwetu si ndoa, kwa hiyo wa zamani "hahesabiki". Sheria ya Kanisa haisemi hivyo. Sharti la kufunga ndoa mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili linambana Mkatoliki. Halimbani Mlutheri, mtu wa AIC, wala asiyebatizwa. Mwenzako alipotoa ng'ombe hakuwa Mkatoliki. Kama yule mama naye hakuwa Mkatoliki, na familia mbili zilikubaliana, wakaishi kama mume na mke wakikusudia iwe ndoa, Kanisa linaweza kabisa kuihesabu kuwa ndoa. Na ndoa ikishaonekana imefungwa, sheria inaitetea mpaka ithibitike vinginevyo. Hata Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za kimila.

Kwa hiyo kuna maswali ambayo paroko atamuuliza, na ni vema aende na majibu. Yule mama alikuwa dini gani walipooana, na alikuwa amebatizwa? Mahari ilikamilika au ilikuwa ya kutanguliza? Kulikuwa na sherehe, wazee walikaa? Nani alimwacha nani, na kwa nini? Yuko hai?

Majibu hayo yanafungua milango tofauti. Kama yule mama alikuwa Mkatoliki na walioana kimila tu, ndoa ile haikuwa na utaratibu unaotakiwa kwa Mkatoliki. Hilo huthibitishwa kwa hati na halichukui muda mrefu. Kama naye alikuwa mbatizwa wa dhehebu lingine, shauri linakwenda Mahakama ya Kanisa ya jimbo, watasikiliza mashahidi na kuamua kama tangu mwanzo palikuwa na ndoa au kasoro iliyoibatilisha. Papa Fransisko alifupisha mwenendo wa mashauri hayo mwaka 2015. Tangu hapo hukumu moja ya ubatili inatosha isipokatiwa rufaa, tofauti na zamani ilipohitajika ya pili kuithibitisha. Na kama hakuwa amebatizwa kabisa, ile ingekuwa ndoa halali lakini isiyo sakramenti, na upo uwezekano wa askofu kupeleka ombi Roma ili Papa akifungue kifungo chake kwa ajili ya imani. Kama yule mama amekwisha kufariki, kifungo kimekwisha.

Usiogope neno mahakama. Hakuna pingu wala wakili wa kanzu nyeusi. Kuna padre mwenye faili na maswali mengi. Ninachokuomba ni mwenzako aseme yote siku ya kwanza, akiwa ameketi nawe. Mtu mmoja aliyenificha habari ya ndoa yake ya kwanza alifika mpaka siku ya mazoezi ya Mkesha, na nguo nyeupe mkewe ameshashona. Paroko alimzuia mlangoni, na mimi sikuwa na la kumtetea.

Wakati hilo linashughulikiwa, nyote wawili mnaweza kuendelea na mafundisho, na wewe unaweza kupokelewa kuwa mkatekumeni. Ubatizo wako ndio utakaosubiri, kwa sababu huwezi kuahidi kuishi Kikristo huku unaishi na mtu ambaye huenda ana kifungo na mwingine. Wapo wanaochagua kuishi kama kaka na dada kwa muda huo. Ni jambo zito, nalo linazungumzwa na padre, si na jumuiya.

Habari njema kuhusu Desemba, japo sijui Desemba gani: ikionekana mwenzako yuko huru na akawa amepokelewa, ndoa yenu haihitaji kusubiri ubatizo wako. Mkatoliki anaweza kumwoa asiyebatizwa kwa ruhusa ya askofu, matangazo yanasomwa kama kawaida, mnafunga ndoa kanisani bila Misa. Nawe Pasaka ikifika ukibatizwa, ndoa hiyo inakuwa sakramenti kwa ubatizo wenu wenyewe, hamfungi tena. Kwa familia kama yenu ninaupendelea utaratibu huu kuliko kuusukuma ubatizo ili uwahi kadi za mwaliko zilizokwisha kuchapwa. Kamati ya harusi isiwe ndiyo inayopanga siku ya mtu kuzaliwa upya.

Yaliyobaki ni mepesi. Jina lako la Kisukuma halikuzuii: sheria ya sasa inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Kuchukua jina la mtakatifu ni desturi nzuri, unapata somo wa kumwiga na wa kukuombea, na wengi huliongeza mbele ya la nyumbani. Ukiliongeza, angalia vitambulisho vyako vya NIDA na vya benki usije ukajitafutia safari za ofisini.

Zaka: sakramenti haziuzwi, na kanuni ya 848 inakataza maskini kunyimwa sakramenti kwa kukosa kitu. Zaka ni wajibu wa muumini kulitegemeza Kanisa lake, na mtakapokuwa waumini mtaitoa kadiri mlivyojaliwa. Kwa sasa mtanunua kijitabu cha mafundisho, mshumaa, kitambaa cheupe. Mtu akiwatajia kiasi cha kulipa ili mbatizwe, mwulizeni paroko mwenyewe ofisini.

Msimamizi wako awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, amepata Kipaimara na anapokea Ekaristi, na maisha yake yanafanana na imani anayoisimamia. Mama yako hawezi, na mwenzako pia mwache. Usimtafute kwa ukubwa wa gari. Mtafute yule mama wa jumuiya anayekuulizia usipoonekana Jumapili mbili, kwa kuwa majuma yale baada ya Pasaka, hadi Pentekoste, ndipo wabatizwa wapya wengi hupotea: darasa limekwisha, hakuna anayeita majina.

Na watoto. Wa miaka 4 ni mtoto mchanga kwa lugha ya sheria: anabatizwa kwa idhini yenu wazazi ikiwa kuna tumaini la msingi kwamba mtamlea Kikatoliki, na kuzaliwa nje ya ndoa hakumzuii. Wa miaka 9 amekwisha kufikia umri wa kutumia akili, hivyo kwa habari ya ubatizo anahesabiwa pamoja na watu wazima. Ataulizwa yeye mwenyewe kama anataka, na atahudhuria mafundisho ya watoto. Mwandikishe sasa, asisubiri mambo ya baba yake yaishe. Ofisi ya paroko nenda siku ya kazi, si Jumapili baada ya Misa wakati kila mtu anamvuta kanzu. Mchukue mwenzako, cheti chake kama kimepatikana, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na jina la mtaa mnaoishi ili mjue jumuiya yenu ni ipi.